Mafuta ya Taa Hayakumwokoa Nyangumi: Historia ya Shahamu kutoka Bahari ya Kusini hadi Kongwa

Utangulizi

Mutaho, ninakotoka, iko kwenye milima ya kaskazini ya Gitega, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Nilipomweleza mwanafunzi mwenzangu kwamba ninaandika insha ya historia juu ya mafuta ya nyangumi, aliniuliza kama mada za Burundi zimeniishia. Swali lake ni la haki, na insha hii ni jibu langu kwake.

Tunapofundishwa historia ya biashara kati ya bara na pwani, bidhaa zinazotajwa ni pembe za ndovu, watumwa, karafuu, chumvi na nguo. Mafuta hayatajwi, au hutajwa kwa neno moja. Hata hivyo, kwa muda wa miaka mia mbili hivi, uhaba wa mafuta katika nchi za Ulaya na Marekani ulileta meli Unguja, ukajenga viwanda Durban, ukapanda michikichi Kongo na ukang'oa mibuyu Kongwa. Katika safari hiyo yote nyangumi yumo, kwa sababu yeye ndiye mnyama aliyebeba mafuta mengi kuliko mnyama mwingine yeyote duniani.

Hoja yangu ni hii. Ipo simulizi inayopendwa sana, kwamba nyangumi aliokolewa na mafuta ya taa: watu walipopata petroli, waliacha kumwinda. Nitaonyesha kwamba mambo hayakwenda hivyo. Nyangumi wengi zaidi waliuawa baada ya petroli kuliko kabla yake, na uvumbuzi mpya ndio uliowezesha mauaji hayo. Nitaanza na mnyama mwenyewe na baridi, maana bila kuielewa shahamu yake historia inayofuata haina mwanzo.

Shahamu na kazi yake

Chini ya ngozi ya nyangumi kuna tabaka nene la mafuta lililoshikamana na nyuzi ngumu. Katika insha hii nitaliita shahamu, neno letu la zamani la mafuta ya mnyama, ili nilitofautishe na mafuta yanayopatikana likishayeyushwa. Kwa nyangumi wa nundu tabaka hilo hufikia sentimita nyingi, na kwa nyangumi wa Aktiki anayeishi kando ya barafu linaweza kukaribia nusu mita.

Nyangumi ana damu moto kama sisi. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 36 au 37, lakini maji ya Bahari ya Kusini, kandokando ya bara la Antaktiki, huwa karibu na nyuzi 0. Maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, mara 25 hivi. Manyoya, yanayomfaa dubu mweupe nchi kavu, hayangemfaa sana mnyama anayezama mamia ya mita, kwa kuwa hewa inayokaa kati ya manyoya hubanwa na kutolewa na uzito wa maji. Shahamu haibanwi hivyo. Hupitisha joto polepole mno, na mnyama anaweza kupunguza damu inayofika karibu na ngozi ili joto libaki ndani.

Kazi ya pili ya shahamu ni kuwa ghala. Nyangumi wa nundu hula Antaktiki wakati wa kiangazi cha kusini, anapomeza uduvi kwa tani. Kisha husafiri zaidi ya kilomita 5,000 kuja kuzaa katika maji ya joto ya Msumbiji, Komoro, Madagaska, Tanzania na Kenya. Wavuvi wa Watamu na Unguja huwaona kati ya Julai na Oktoba. Huku kwetu hali karibu chochote. Mama huishi kwa shahamu aliyoiweka, na kwa shahamu hiyo hiyo humnyonyesha mtoto maziwa mazito yenye mafuta mara kadhaa kuliko ya ng'ombe, hadi mtoto naye apate tabaka lake la kuingilia kwenye baridi. Kwa hiyo shahamu ni blanketi, na pia ni akiba ya chakula cha miezi.

Sisi watu wa milimani tunaweza kulielewa jambo hili kwa kulilinganisha na desturi yetu. Wazee wa Burundi walijipaka mafuta ya ng'ombe, na usiku wa Juni na Julai, msimu tunaouita Ici, ni baridi kweli. Mafuta hayo hulainisha ngozi na kuikinga isipasuke kwa upepo mkavu. Lakini tabaka jembamba la nje haliwezi kufanya kazi ya tabaka nene la ndani. Binadamu, asiye na shahamu ya kutosha, amelazimika kuazima ulinzi wake: ngozi za wanyama, nguo za gome la mti tulizoziita impuzu, moto, na chakula chenye mafuta. Historia ninayoiandika ni historia ya kuazima huko, pale kulipogeuka kuwa kunyang'anya.

Pwani kabla ya wawindaji

Pwani yetu ilimjua nyangumi zamani, hasa kwa kile kilichotoka kwake bila yeye kuwindwa. Al-Masudi, msafiri Mwarabu aliyefika Qanbalu mwaka 916, aliisifu ambari ya nchi ya Zanj. Ambari ni kitu kinachotokea tumboni mwa nyangumi mkubwa mwenye meno, kikaelea baharini na kutupwa ufukweni. Ilinukia vizuri ikikauka, na iliuzwa kwa bei kubwa hadi Uajemi na Uchina.

Katika karne hiyo hiyo ya 10, Abu Zayd wa mji wa Siraf katika Ghuba ya Uajemi alieleza jinsi nyangumi aliyekwama ufukweni alivyokatwakatwa, mafuta yake yakachuruzika kwa joto la jua, yakauzwa kwa wenye vyombo ili kupaka mbao na kuziba mianya. Kazi hiyo tunaijua bado kwa jina la sifa, mafuta ya papa na samaki wengine wanayopaka mafundi wa majahazi. Watu walichukua kile bahari ilichotupa. Hakukuwa na meli zilizotoka mbali kumfuata nyangumi kwa mamia.

Meli za Marekani bandarini Unguja

Mambo yalibadilika karne ya 19. Miji ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kama New Bedford na Nantucket, ilikuwa imejenga utajiri wake juu ya mafuta ya nyangumi. Mafuta hayo yaliwasha taa za nyumba na minara ya bahari. Mafuta safi ya kichwani mwa nyangumi mwenye meno yalitengeneza mishumaa bora na kulainisha mashine, kwa maana hayakuganda upesi wala kunata. Nyangumi wa Atlantiki walipopungua, meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia Bahari ya Hindi. Zikawinda karibu na Madagaska, Komoro, Shelisheli na pwani yetu, zikatia nanga Unguja kutafuta maji, kuni, matunda na nyama.

Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters akafika Unguja kama konseli wa kwanza wa nchi hiyo. Kazi yake ilihusu wafanyabiashara wa pembe, sandarusi na ngozi, lakini matatizo ya mabaharia wa meli za nyangumi nayo yalimfikia mlangoni: wagonjwa, waliotoroka, waliogombana na manahodha. Mmoja wa mabaharia hao, J. Ross Browne, aliteremka Unguja, na mwaka 1846 alichapisha kitabu kinachoeleza kazi hiyo na ukatili wake. Kitabu hicho kinafaa kusomwa na yeyote anayedhani kwamba walioteseka katika biashara ya mafuta ni wanyama peke yao.

Hapa ndipo bara linapoingia. Bidhaa kubwa ya Wamarekani ilikuwa kitambaa cha pamba kisichopakwa rangi, tulichokiita merikani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba merikani kama fedha ya njiani. Kitambaa hicho kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na mashine za kusokota pamba katika viwanda vya eneo hilo zililainishwa kwa mafuta ya nyangumi. Sidai kwamba kila dhiraa ya merikani ilipita kwenye tone la mafuta hayo. Ninadai kwamba uchumi uliotuletea nguo ulikuwa uchumi ule ule uliomwinda nyangumi, na kwamba bandari moja, Unguja, ilipokea pande zote mbili. Nguo hizo zilichelewa kuingia Burundi, kwa kuwa Mwami Mwezi Gisabo alizuia kwa muda mrefu wafanyabiashara wenye silaha, akiwemo Rumaliza wa Ujiji. Lakini zilizunguka mipaka yetu kwanza, kisha zikaingia, na impuzu ikaanza kuachwa.

Mafuta ya taa na chusa cha baruti

Sasa nafika kwenye simulizi ninayoipinga. Mwaka 1846 Marekani ilikuwa na meli za nyangumi zaidi ya 700. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima cha petroli huko Pennsylvania. Mafuta ya taa yakawa rahisi, na katika miaka iliyofuata idadi ya meli za nyangumi za Marekani ikashuka sana. Ukiishia hapo, simulizi inapendeza: kitu kipya kimepatikana, cha zamani kimeachwa, mnyama amepona.

Tatizo ni kwamba historia haikuishia hapo. Wawindaji wa zamani walitumia mashua za makasia na vyusa vya kurusha kwa mkono. Hawakuweza kuwapata nyangumi wakubwa kuliko wote, yaani nyangumi wa bluu na jamaa zake, kwa sababu ni wepesi mno na wakifa huzama. Svend Foyn, Mnorwe wa Tønsberg, alijenga meli ya mvuke ya kuwinda mwaka 1863, na mwaka 1870 akapata hataza ya chusa kinachopigwa kwa mzinga, chenye baruti inayolipuka ndani ya mwili. Baadaye mizoga ilijazwa hewa ili ielee. Nguvu ya mashine, iliyosemekana kumpumzisha nyangumi, ilimfikia pale alipokuwa salama.

Mwaka 1904 Carl Anton Larsen alianzisha kituo cha Grytviken katika kisiwa cha Georgia Kusini, mlangoni mwa Antaktiki. Mwaka 1908 kituo kingine kilifunguliwa Durban. Nyangumi wa nundu waliokuwa njiani kuja kuzaa katika maji yetu walipita mbele ya Durban na pwani ya Msumbiji, na ndani ya miaka michache walikuwa wamepungua vibaya. Mwaka 1925 meli iitwayo Lansing ilikwenda Antaktiki ikiwa na mteremko nyuma wa kuvutia nyangumi mzima hadi sitaha. Tangu hapo kiwanda kilielea baharini, hakikuhitaji bandari wala leseni ya nchi yoyote. Msimu wa 1930 hadi 1931 pekee, nyangumi wa bluu zaidi ya 29,000 waliuawa huko kusini.

Mafuta hayo yalikwenda wapi, ikiwa taa zilikwisha kupata mafuta yake? Yalikwenda mezani na vitani. Mwaka 1902 mkemia Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya njia ya kugandisha mafuta ya maji kwa kutumia haidrojeni. Mafuta ya nyangumi yaliyokuwa na harufu ya samaki yakawa meupe, magumu, yasiyo na ladha, yakafaa kwa sabuni na majarini. Gliserini iliyotolewa humo ikatengeneza baruti za Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo mwanadamu wa Ulaya aliyepaka majarini kwenye mkate mwaka 1930 huenda alikuwa akila shahamu iliyokusudiwa kumvusha mnyama kwenye maji ya barafu, bila kujua.

Hesabu ya jumla inatosha kuifunga hoja hii. Katika karne ya 20, karne ya petroli, nyangumi karibu milioni 3 waliuawa, na zaidi ya milioni 2 kati yao katika nusu ya kusini ya dunia. Nyangumi wa bluu wa Antaktiki, waliokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 kabla ya uwindaji, walibaki karibu 360 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mafuta ya taa hayakumwokoa. Petroli ndiyo iliyoendesha meli zilizomfuata.

Mwaka 1946

Ikiwa ningetakiwa kuchagua mwaka mmoja unaoonyesha jinsi shahamu ya nyangumi ilivyoungana na Afrika Mashariki, ningechagua 1946.

Kwanza lazima tuitaje kampuni moja. William Lever, mtengenezaji wa sabuni wa Uingereza, alipata mwaka 1911 maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo ya Kibelgiji, ambako mawese yalikusanywa kwa kazi ya kulazimishwa. Mwaka 1919 kampuni yake ikanunua pia kampuni ya kuwinda nyangumi kusini. Mwaka 1929 iliafikiana kuungana na watengenezaji wa majarini wa Uholanzi, na Unilever ikazaliwa, ikawa mnunuzi mkubwa wa mafuta ya nyangumi duniani. Machoni pa kampuni hiyo mchikichi, karanga na nyangumi vilikuwa vitu vya aina moja. Bei ya kimoja ikipanda, ilinunua kingine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta, na siagi na majarini viligawiwa kwa kadi. Serikali ilitafuta mafuta pande mbili kwa wakati mmoja. Kwa upande wa bahari, mwaka 1946 meli mpya ya kiwanda, Balaena, ilipelekwa Antaktiki, ikiwa hata na ndege za kutafutia nyangumi. Kwa upande wa nchi kavu, mwaka huo huo Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company iliyokuwa tawi la Unilever, alipendekeza kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitembelea nchi kwa wiki chache, ukarudi na mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3, zikiwemo za Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Matokeo yanajulikana Tanzania hadi leo. Kongwa mvua ni haba, jambo ambalo Wagogo walilijua kabla ya mzungu yeyote kulipima. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama tofali, karanga hazikung'oleka. Mibuyu na mizizi ya vichaka ilivunja mashine, zikiwemo trekta zilizotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Januari 1951 mpango uliachwa, na hasara ilizidi pauni milioni 35. Kilichobaki ni bandari ya Mtwara, kumbukumbu ya reli iliyong'olewa, na somo la kudharau maarifa ya wenyeji.

Wanahistoria huuandika Mpango wa Karanga kama kosa la kilimo au la ukoloni. Vyote viwili ni kweli. Mimi naongeza kwamba ulikuwa pia sura moja ya historia ya nyangumi. Nchi ile ile, mwaka ule ule, kwa sababu ile ile, ilipeleka Balaena kwenye barafu na trekta kwenye vumbi la Ugogo. Mchikichi wa Rumonge, ambao mafuta yake mekundu hununuliwa sokoni hadi kwetu milimani, ulistawishwa na Wabelgiji katika dunia hiyo hiyo iliyopima ardhi, mti na mnyama kwa kipimo kimoja cha mafuta.

Kipimo hicho kiliandikwa hata katika sheria. Tarehe 2 Desemba 1946 mataifa yalitia saini Washington mkataba wa kusimamia uwindaji wa nyangumi, uliozaa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi. Kwa miaka mingi tume hiyo haikuhesabu wanyama kwa aina zao. Ilihesabu kwa kizio cha nyangumi wa bluu: nyangumi mmoja wa bluu alikuwa sawa na wawili wa aina inayomfuata kwa ukubwa, au wawili na nusu wa nundu, au sita wa aina ndogo zaidi. Hesabu hiyo ilifuata kiasi cha mafuta kila mmoja alichotoa. Wawindaji wakamaliza wakubwa kwanza, kwa sababu sheria yenyewe iliwaambia kwamba mnyama ni pipa.

Nani alimwokoa?

Msomaji anaweza kunipinga hivi: hata kama mafuta ya taa hayakumwokoa, mafuta ya mimea yalimwokoa, kwa kuwa soya na mawese vilishusha bei. Hoja hiyo ina ukweli. Uingereza iliacha uwindaji huo mwaka 1963, na bei ilichangia. Lakini tazama mpangilio wa matukio. Waingereza waliacha baada ya nyangumi kuwa haba kiasi cha safari kutolipa, kisha meli na haki za kuwinda zikauzwa kwa wengine walioendelea. Nyangumi wa nundu wa kusini walipewa ulinzi kamili mwaka 1963, lakini kwa siri meli za Kisovieti zilikuwa zimeua kama 25,000 katika misimu miwili tu, kati ya 1959 na 1961. Mwaka 1966 meli hizo ziliingia Bahari ya Uarabuni na kuua nyangumi wa nundu zaidi ya 200 karibu na Oman, Pakistan na India. Hao ni wa pekee duniani: hawaendi Antaktiki, hula na kuzaa huko huko mwaka mzima, kwa sababu upepo wa kusi huinua chakula kutoka vilindini. Leo wanaobaki wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Bidhaa mbadala zilikuwepo mwaka 1966. Hazikuwasaidia.

Kilichobadilisha mambo ni mlango kufungwa kwa makusudi, na hapa jirani zetu wana heshima yao. Mwaka 1979 Shelisheli, nchi ndogo ya visiwa iliyopata uhuru mwaka 1976, ilipendekeza Bahari ya Hindi iwe hifadhi ya nyangumi, na tume ikakubali. Mwaka 1982 Shelisheli tena ilileta pendekezo la kusitisha uwindaji wote wa kibiashara. Kura 25 zilikubali, 7 zilikataa, 5 hazikupiga upande wowote. Kenya na Oman zilikuwa miongoni mwa waliokubali. Usitishaji ukaanza katika msimu wa 1985 hadi 1986. Haukuheshimiwa na wote, lakini nyangumi wa nundu wa kusini wameongezeka tangu hapo, na ndiyo maana leo watalii hulipa fedha Watamu kwenda kuwatazama wale waliokaribia kumalizwa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba shahamu ya nyangumi, iliyomwezesha kuishi mahali pasipoishika binadamu, ndiyo iliyomfanya atafutwe, na kwamba utafutaji huo ulipita Unguja, ukafika Kongwa, ukagusa hata masoko yetu ya milimani. La pili ni kwamba bidhaa mpya peke yake haikomeshi tamaa ya ile ya zamani. Hukomeshwa na uamuzi wa watu, wenye sheria na wenye kusimamiwa.

Jambo hili la pili si la kale tu. Burundi nyumba nyingi bado zinapika kwa kuni na makaa, na mara nyingi tunaambiwa kwamba gesi au umeme ukifika, misitu itapona yenyewe. Natamani gesi na umeme vifike, na nchi iliyozoea foleni za mafuta ya gari inajua vizuri maana ya uhaba. Lakini mwanafunzi aliyeisoma historia ya nyangumi hawezi kusema misitu itapona yenyewe. Umeme ule ule unaweza kuendesha msumeno. Msitu wa Kibira utalindwa na watu watakaoamua kuulinda wakiwa bado wanahitaji makaa, kama Shelisheli ilivyosimama kumtetea nyangumi wakati mataifa makubwa kuliko yeye yalipokuwa bado yanauza mafuta yake.

Kwa hiyo, kwa mwenzangu aliyeniuliza kama mada za Burundi zimeniishia, jibu langu ni hapana. Hii ni mojawapo.